Saa Nne ya Mama na Beji ya Buluu

Mama aliikataa beji ya buluu mara tatu kabla ya kuikubali, na mara zote tatu sababu yake ilikuwa moja: yeye si mlemavu, ana goti tu.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, miezi michache baada ya yeye kutoka Unguja na kuja kuishi nami Sparkbrook, Birmingham. Nilikuwa nakaa katika mtaa mmoja wa nyumba zilizoshikana, ukitoka tu unaingia Ladypool Road. Nilikuwa mpishi katika jiko la skuli, na nilikuwa na gari dogo jekundu, la zamani, ambalo mlango wake mmoja wa nyuma ulifunguka kwa ndani tu. Mama alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini ya ukarani mahakamani. Hakuwa hakimu wala wakili, lakini majalada ya mahakimu na mawakili yote yalipita mikononi mwake, na aliamini kabisa kwamba nusu ya mashauri ya dunia hii huharibika kwa sababu kuna mtu hakusoma karatasi mpaka mwisho.

Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Akitembea hatua ishirini anasimama, na kwa kuwa hakutaka mtu ajue kwamba anapumzika, alijifanya anatazama madirisha ya maduka. Siku moja nilitoka dukani nikamkuta amesimama mbele ya kinyozi wa wanaume, ameegemea mkongojo wake, anakodoa macho ndani. Wanaume watatu waliokuwa wakinyolewa walikuwa wakimtazama kwa wasiwasi.

"Mama, unatazama nini?"

"Mashine zao," akasema. "Nzuri sana."

Daktari ndiye aliyetueleza habari za beji. Halmashauri, alisema, hutoa kadi ya buluu kwa mtu asiyeweza kutembea mbali. Unaiweka kwenye dashibodi, na gari linaruhusiwa kukaa katika nafasi za walemavu, tena hata kwenye mistari ya njano kwa muda wa saa tatu, karibu na pale mtu anapokwenda. Niliona mlango wa pepo umefunguliwa. Mama alimshukuru daktari kwa adabu, na tulipofika nje akaniambia, "Hiyo waachie wenye shida."

Kilichombadilisha ni mvua. Jumamosi moja tulizunguka Stratford Road mara nne bila kupata pa kupaki, mwishowe nikaliacha gari mbali sana, tukaanza kutembea, mvua ikaanza kumwagika. Katikati ya njia goti likagoma. Muuza mboga mmoja akamwona, akamgeuzia kreti mlangoni mwa duka lake, akamkalisha na kumletea chai ya maziwa katika kikombe cha plastiki. Mimi nikakimbilia gari. Niliporudi, nilikuta wanawake wawili wamemsimamia Mama wanamuuliza bei ya bamia, na yeye anawajibu.

"Umejuaje bei?" nikamuuliza ndani ya gari.

"Imeandikwa nyuma yangu." Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye mtandio. "Ile fomu iko wapi?"

Fomu ile tuliijaza siku mbili. Kulikuwa na swali linalouliza mtu anaweza kutembea umbali gani kabla ya kupata maumivu makali. Nikataka kuandika hatua chache tu, yaishe. Mama akakataa. Alisema hasaini asichokijua. Basi tukatoka nje, yeye na mkongojo, mimi na futi ya kupimia ya cherehani, na tukapima njia ya miguu mbele ya nyumba za watu mpaka pale goti lilipotoa ushahidi wake. Jirani mmoja alifungua pazia, akatutazama, akalifunga tena.

Beji ilipofika, ilikuja na kijitabu cha masharti na saa ya karatasi ngumu, ya buluu, yenye mshale mmoja unaozungushwa kwa kidole. Ukipaki kwenye mistari ya njano unaweka mshale kwenye saa uliyofika, ili askari wa maegesho ajue kama saa zako tatu zimekwisha. Mama alivaa miwani akakisoma kijitabu kile kuanzia jalada la mbele hadi jalada la nyuma, kamusi pembeni, penseli mkononi. Alipomaliza alikuwa mtu mwingine. Ile beji aliyoikimbia sasa aliihifadhi ndani ya pochi yake, katika kitambaa, kama hati ya shamba.

Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akiishi Great Barr, upande mwingine wa jiji, alikuwa wa kwanza kuuonja ukali wa masharti hayo. Alikuja kutuomba tumwazime beji kwa siku moja, ana harusi mjini, na kule mjini kupaki ni vita.

"Beji si ya gari, ni ya mtu," Mama akamwambia. "Imeandikwa ukurasa wa tatu. Ukiitaka, njoo unichukue mimi na goti langu. Beji itatufuata."

Rafiki yangu alicheka akidhani ni mzaha. Siku ya harusi alikuja kumchukua kweli, na Mama, ambaye hakuwa akimjua bibi harusi wala bwana harusi, alikaa meza ya mbele, akala biriani mpaka akatosheka.

Msukosuko wetu ulianza Ijumaa moja. Nilikuwa na mapumziko, Mama akataka samaki. Nikapaki Ladypool Road, kwenye mistari miwili ya njano, hatua kumi kutoka kwa muuza samaki. Nilipotaka kuweka saa, Mama akanipiga kofi mkononi.

"Hii kazi yangu. Wewe endesha."

Akaweka beji, akazungusha mshale, akaviweka vyote sawasawa mbele ya kioo. Tukaingia kwa samaki, tukatoka, tukapitia kwa mwenye viungo. Hatukukaa hata saa nzima. Tuliporudi, chini ya waipa kulikuwa na kifuko cha plastiki, na ndani yake tiketi ya faini.

 Mimi ni mtu wa kuogopa bahasha za serikali. Hata barua ya kunishukuru huifungua nikiwa nimekaa. Mama aliisoma tiketi ile mpaka mwisho, pale pale barabarani, samaki mkononi.

"Wanasema tumepitisha saa tatu," akasema. "Waongo. Au wamekosea. Tutajibu."

Tulipofika nyumbani akaiweka ile saa ya karatasi juu ya kabati bila kuugusa mshale, akanikataza na mimi nisiiguse. Ilikuwa kielelezo.

Lakini nyuma ya tiketi iliandikwa kwamba ukilipa mapema unalipa nusu. Maneno hayo yalinikosesha raha Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumatatu, wakati wa mapumziko pale skuli, nikaingia stoo ya unga, nikapiga simu, nikalipa. Sikumwambia Mama. Nilijiambia kwamba nimenunua amani.

Jumanne nilikuwa nafuta vumbi juu ya kabati, nikaitazama ile saa kwa mara ya kwanza. Mshale ulikuwa kwenye nne.

"Mama," nikamwita. "Ijumaa tulifika kwa samaki saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne ya wapi?"

Akatoka jikoni anafuta mikono. "Saa nne ya asubuhi, mwanangu. Tangu lini saa nne ikawa na ya wapi?"

Nikamgeuzia ile karatasi. Nikamwonyesha saa ya ukutani. Kwa askari wa watu, gari letu lilikuwa limekaa pale tangu alfajiri, kabla hata muuza samaki hajaamka. Mama akaitazama saa ya karatasi, akaitazama ya ukutani, akakaa kitako kwenye kiti na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi nami nikacheka, na katika kucheka huko ulimi ukateleza.

"Na mimi nimeshailipa!"

Kicheko cha Mama kikakatika.

"Umelipa?"

"Jana. Ilikuwa nusu."

"Kwa hiyo umekiri kosa bila hata kusomewa shtaka." Alisema polepole, si kwa hasira, bali kwa masikitiko ya mtu ambaye miaka thelathini ya kazi yake imepita bure mbele ya mwanawe mwenyewe. "Leta kalamu."

Nilimweleza kwamba ukishalipa jambo limekwisha, imeandikwa hivyo hivyo kwenye tiketi. Akasema lililokwisha ni la faini, la kuelezwa bado halijaanza. Akanikalisha mezani akanisomea barua kwa Kiswahili cha mahakamani, na mimi nikawa naigeuza kuwa Kiingereza kadiri nilivyoweza. Ilianza, "Mwombaji, ambaye ni mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu, anaeleza kwa heshima kama ifuatavyo." Ikaeleza kwamba mwombaji alifika mahali hapo saa nne; kwamba saa nne hiyo ni ya kweli na si ya uongo; kwamba katika nchi aliyozaliwa siku huanza kuhesabiwa jua linapotoka, na kwa hesabu hiyo amehesabu maisha yake yote, amezaa kwa hiyo, amefungua mahakama kwa hiyo, wala hakuna mshitakiwa hata mmoja aliyewahi kuchelewa kwa sababu yake. Mwombaji hakatai kwamba Birmingham wana saa zao. Alisahau tu kwamba mshale wa karatasi unatakiwa uzungumze Kiingereza.

Sentensi hiyo ya mwisho nilitaka kuitoa. Akaniambia kazi yangu ni kutafsiri.

Tukaambatanisha nakala ya risiti ya samaki, iliyokuwa na saa na dakika, tukatuma. Wiki zikapita. Mimi nilishasahau. Mama hakusahau, kila barua zikianguka mlangoni alikuwa wa kwanza kuinuka, goti au si goti.

Haikuja barua kwanza, ilikuja simu. Nilikuwa nyumbani mchana mmoja, nikaipokea, na mwanamke mwenye lafudhi nzito ya jiji hili, aliyeniita mpenzi kabla hata ya kunijua, akasema anapiga kutoka halmashauri, idara ya maegesho. Nikavuta kiti, nikakaa.

"Nina barua ya mama yako hapa," akasema. "Nimeisoma mara mbili. Nataka kuhakikisha nimeelewa. Kwenye ukuta wangu sasa hivi mshale mfupi uko kwenye mbili. Mama yako angesema ni saa ngapi?"

"Saa nane," nikasema.

"Nane?"

Mama alikuwa ameshanisogelea. "Nani? Kaunsili? Nipe." Akachukua simu. Kiingereza chake kilikuwa kile cha majalada, kila neno limepigwa pasi.

"Bibi, mchana mwema. Ndiyo, ni saa nane. Jua linatoka, sisi tunaanza kuhesabu. Nyinyi mnaanza kuhesabu wakati mmelala."

Nilisikia kicheko upande wa pili. Kisha yule mwanamke akauliza kitu, na Mama akasikiliza kwa makini, uso umekunjamana.

"Hapana," akajibu. "Hapa jua likichelewa kutoka, hilo ni kosa la jua lenu. Saa haibadiliki."

Wakaongea muda mrefu. Mama akamuuliza ana watoto wangapi. Akamuuliza kama magoti yake ni mazima. Alipokata simu akaniambia, "Mwanamke mwenye akili. Anasikiliza kabla ya kusema."

Baada ya siku kadhaa ikaja bahasha yenye hundi ya kurudishiwa kile nilicholipa, na barua fupi. Barua ilisema kwamba kwa kawaida malipo yaliyokwisha kufanywa hayarudishwi, ila halmashauri imeridhika na maelezo na imetumia hiari yake mara hii tu. Tafadhali tangu sasa saa iwekwe kwa majira ya Uingereza. Mama aliisoma mpaka mwisho, akaikunja. Hundi akanipa mimi. Barua akaiweka yeye.

Habari ilienea mtaani kwa njia ambayo habari huenea, na wiki ile ile watu wakaanza kuja na tiketi zao. Mama aliwasikiliza wote na wengi wao aliwaambia wakalipe, tena haraka, maana makosa walikuwa nayo. Lakini mmoja hakuja na tiketi.

Alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mzaliwa wa Bukavu, mkimbizi aliyefika hapa na mkewe miaka michache kabla, akifanya kazi katika kiwanda kidogo cha vyuma huko Saltley. Mkewe alikuwa akitumia kiti cha magurudumu. Mama alipofika kwanza alimsikia yule bwana akisema "bibi yangu hivi, bibi yangu vile", akamsifu sana kwa kumtunza nyanya yake, mpaka siku alipomwona bibi mwenyewe, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mcheshi, na ndipo tukajua kwamba kwao bibi ni mke. Aliyecheka zaidi siku ile alikuwa yule bibi.

Bibi huyo alifariki mwanzo wa baridi. Mama alikaa na waombolezaji siku tatu, kanga begani, akiitikia nyimbo za kanisa asizozijua kwa kutikisa kichwa.

Mbele ya nyumba yao halmashauri ilikuwa imechora mstatili mweupe, nafasi ya mlemavu, ili gari lisimame mlangoni. Baada ya msiba yule bwana hakupaki tena pale. Alikuwa akiliacha gari lake mwisho wa mtaa na kutembea, na ule mstatili ukabaki mtupu wiki hadi wiki, katika mtaa ambao watu wanagombana kwa nafasi ya baiskeli. Hakuna aliyethubutu kuuingia.

Alikuja Jumapili, ametoka kanisani, suti yake bado imefungwa vifungo vyote. Akampa Mama bahasha.

"Mama, niko na barua ya kaunsili. Ni ya mara ya pili. Banasema nirudishe carte ya bibi yangu."

Mama akaisoma. "Ndivyo ilivyo, baba. Mwenyewe akifariki, beji inarudi. Si adhabu, ni utaratibu tu."

"Najua. Mi sikatai. Sijaitumia hata siku moja." Akatia mkono mfukoni mwa koti, akaitoa, akaigeuza upande wa nyuma, ule usioonekana dirishani. "Ila ni hii picha."

Tukainama kuitazama. Mkewe alikuwa anacheka, mdomo wazi, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Tulipigia kwa ile mashine ya picha ya gare, pale kwa treni," akasema. "Kiti kilikuwa juu, hakufikia. Nikaingia naye, nikamuinua, nikapiga magoti chini ili nisionekane. Mashine ikahesabu, na miye nikamtekenya. Mikono yangu iko pale, chini yake. Haionekani, lakini iko." Akaifunika picha kwa kidole gumba. "Kwa picha zingine zote ana sura ya hospitali."

Mama akavua miwani. Akaifuta kwa pindo la mtandio, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Nilidhani atatafuta ukurasa fulani wa kijitabu utakaomwokoa yule mtu, lakini ukurasa huo haukuwepo, na yeye hakuwa mtu wa kudanganya juu ya karatasi.

"Beji itarudi," akasema. "Barua inasema beji. Haisemi kwamba huwezi kubaki na picha. Kesho una kazi?"

"Naingia mchana."

"Basi asubuhi tunakwenda sote watatu."

Kesho yake niliomba ruhusa skuli, na asubuhi tulikwenda kwenye studio moja ya picha Stratford Road. Mwenye duka aliuliza kwa nini tunataka kukuza picha ndogo vile, itakuwa na chengachenga. Mama akamjibu afanye tu. Ikatoka, kweli ina chengachenga, ukubwa wa daftari, na kile kicheko kiko pale pale. Mwenye duka akaitazama, akaizima mashine, akaiwasha tena, akatoa nyingine ndogo ya kuwekwa kwenye pochi, na kwa hiyo ya pili hakutaka malipo yoyote.

Tukaenda ofisi ya halmashauri ya mtaa. Yule bwana alitaka kuiingiza beji kwenye bahasha na kuitumbukiza kwenye sanduku la barua pale nje, lakini Mama akasema kitu kama hicho hakitumbukizwi, hukabidhiwa. Tulisubiri zamu yetu. Kijana wa dirishani akaipokea, akaitazama mbele na nyuma, akatazama macho ya yule bwana, akasema pole. Akaandika risiti kwa mkono bila kuombwa. Njia nzima ya kurudi, yule bwana alikaa kiti cha nyuma na ile picha kubwa mapajani, ameishika kwa mikono miwili kama trei ya chai.

Mwezi uliofuata walikuja watu wawili na ubao wa kuandikia, kuutazama ule mstatili mweupe. Bila mwenye beji karibu, utafutwa. Yule bwana akatoka, akazungumza nao, akaja mlangoni kwetu karibu anakimbia.

"Dada, gari yenu iko wapi?"

Lilikuwa kule nyuma, mtaa wa pili, nilikoliacha juzi baada ya kukosa nafasi. Akamweleza Mama kwamba amewauliza wale watu, na wamesema nafasi ile si ya mtu mmoja, mwenye beji yeyote wa mtaa anaweza kuitumia, na kama yupo wataiacha.

"Sasa miye nataka ikae yenu," akasema. "Ikikaa mutupu, kila asubuhi nafungua dirisha naona hakuna mutu."

Mama akashika mkongojo wake. Kisha akaniambia nichukue funguo.

Nilipolileta gari, yule bwana alikuwa amesimama katikati ya barabara na ovaroli yake ya kiwandani, amesimamisha teksi mbili na baiskeli, ananiongoza kwa mikono yote miwili. Kurudi nyuma sikuwahi kukujua vizuri. Mama alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa yule bwana, ameketi, mkongojo magotini, akinipa maelekezo tofauti kabisa na yake.

"Kuya, kuya, kuya," yule bwana akaita, "kushoto kidogo, kuya... bon!"

Akapiga boneti kwa kiganja, akaangalia kama magurudumu yote yako ndani ya mstari, akaenda kumsaidia Mama kuinuka.